Deni la Aliyetumwa Kusoma

Katika kipindi kimoja cha mdahalo tuliwapa wanafunzi wetu mada hii waijadili: "Aliyesomeshwa ng'ambo kwa fedha za umma hana haki ya kubaki huko." Watetezi wa mada walisimama wakakumbusha kwamba dawa ya deni ni kulipa. Wapinzani wakajibu kwamba mtu si mbuzi wa kufungwa kamba kwenye mti wa kwao. Pande zote mbili zilipigiwa makofi. Kisha, muda ukiwa karibu kwisha, msichana mmoja aliyekaa nyuma, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya tatu, aliinua mkono akauliza kwa unyenyekevu: "Mwalimu, tumesema habari za aliyekwenda, na habari za serikali iliyompeleka. Je, yule aliyelipa pasipo kujua kwamba analipa, yeye atarudishiwa na nani?" Kengele ikalia, tukatoka bila ya kumjibu.

Makala haya ni jaribio letu la kumjibu. Tumechagua kulitazama suala hili katika nchi ya Brazili, hasa katika habari za vijana wake waliopelekwa kusoma katika vyuo vya Marekani, na tumefanya hivyo makusudi. Mambo ya nyumbani yana majina ya watu tunaowafahamu, na mara jina linapotajwa, hoja hugeuka ugomvi. Ya mbali mtu huyatazama kwa utulivu. Tena Wabrazili wamelijaribu jambo hili kwa miaka mingi na kwa kiasi kikubwa, hata mafanikio yao na makosa yao yamekuwa somo kwa kila nchi inayotuma watoto wake ugenini.

Safari hizo hazikuanza jana. Baina ya mwaka 1873 na 1875, wanafunzi wa Kibrazili waliokuwa katika Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca katika jimbo la New York, walichapisha gazeti lao kwa lugha ya Kireno, wakaliita Aurora Brasileira. Ni jambo la kupendeza kuona vijana walio mbali na kwao wakiandika kwa lugha ya waliowaacha nyumbani. Lakini tusisahau kwamba miaka hiyo utumwa ulikuwa bado halali nchini Brazili. Haukufutwa ila mwaka 1888. Katika nchi ambayo sehemu kubwa ya utajiri wake ilitoka mashambani kwa jasho la watumwa, hatuwezi kukwepa kusema kwamba miongoni mwa waliolipa nauli za mwanzo walikuwamo watu wasiojua kusoma, ambao hapana aliyewauliza. Swali la mwanafunzi wetu, kumbe, ni la kale.

Mwaka 1951 serikali ya Brazili iliunda vyombo viwili, CNPq na CAPES, ambavyo miongoni mwa kazi zake ni kuwagharimia wataalamu na wanafunzi wa masomo ya juu, nyumbani na ng'ambo. Tangu hapo mlipaji akawa mwananchi. Nchini Brazili sehemu kubwa ya kodi hutozwa katika bidhaa na huduma, si katika mapato peke yake. Kwa hiyo mama anunuaye mchele na sabuni katika mtaa wa maskini mjini Recife huchangia masomo ya kijana aliye katika maabara ya chuo cha Illinois, ijapokuwa hamjui wala hajapata kulisikia jina la chuo hicho. Huyo ndiye mlipaji asiyejua kwamba analipa.

Mwaka 2011 jambo hili lilichukua sura kubwa zaidi. Serikali ya Rais Dilma Rousseff ilitangaza mpango ulioitwa Ciência sem Fronteiras, maana yake Sayansi bila Mipaka. Shabaha yake ilikuwa nafasi 101,000 za masomo ng'ambo: 75,000 za serikali na 26,000 za kugharimiwa na makampuni na mashirika mengine. Hadi ulipokoma, mpango ulikuwa umetoa nafasi zaidi ya 90,000, nyingi zikiwa za wanachuo wa shahada ya kwanza waliokwenda kwa kipindi cha mwaka mmoja hivi. Marekani ilipokea wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Masomo yaliyopewa kipaumbele yalikuwa uhandisi, tiba, sayansi na ufundi. Wanafunzi wa lugha, historia na falsafa waliachwa nje, nao wakalalamika.

Sisi walimu wa lugha tuna sababu ya pekee ya kuutazama mpango huo, kwani mahali ulipojikwaa mwanzo ni katika lugha. Vijana wengi sana waliomba kwenda Ureno, kwa sababu ndogo na ya wazi: huko hawakuhitaji lugha nyingine. Mwaka 2013 serikali iliiondoa Ureno katika orodha ya wanachuo wa shahada ya kwanza, ili vijana wajifunze lugha za kigeni. Mwaka 2014 wanafunzi wapatao 110 waliokuwa Kanada na Australia waliamriwa kurudi nyumbani kwa kuwa hawakufikia kiwango cha Kiingereza kilichotakiwa. Mwishoni mwa mwaka 2012 serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa pili, wa kufundisha Kiingereza katika vyuo vikuu. Nyumba ilikwisha kuezekwa, ndipo watu wakakumbuka msingi.

Tujiulize basi: ni kijana gani wa Kibrazili aliyekuwa na Kiingereza cha kutosha siku fomu zilipotolewa? Aghalabu ni yule ambaye wazazi wake walimlipia shule ya binafsi, na jioni wakamlipia tena masomo ya lugha. Yule wa shule ya umma, aliyefundishwa Kiingereza kidogo katika darasa la watoto wengi, alisimama mlangoni. Vyuo vikuu vya umma nchini Brazili havitozi ada, na sheria ya mwaka 2012 iliagiza nusu ya nafasi katika vyuo vya shirikisho itengwe kwa waliotoka shule za umma. Mlango mmoja ukafunguliwa kwa sheria. Mlango wa pili ukabaki umefungwa kwa lugha. Hivyo ikatokea mara nyingi kwamba aliyelipa bila kujua ni mzazi wa yule aliyeachwa, na aliyekwenda ni mtoto wa yule aliyekuwa na uwezo.

Ubaya wa hesabu hiyo ulionekana waziwazi mwaka 2016. Nchi ilikuwa katika msukosuko wa uchumi, na serikali mpya ikieleza kwa nini haitaki tena kuwapeleka wanachuo wa shahada ya kwanza, ilisema kwamba gharama ya mwaka 2015 kwa wanafunzi wapatao 35,000 walioko ng'ambo ilikuwa sawa na fedha zilizotolewa kwa chakula cha shuleni cha watoto wapatao milioni 39. Mwaka 2017 sehemu hiyo ya mpango ikafungwa rasmi. Ulinganisho huo una kasoro zake. Fedha za shirikisho ni sehemu tu ya gharama ya chakula hicho, kwani majimbo na miji nayo hutoa. Tena hapana ajuaye kwa hakika kama shilingi inyimwayo mwanachuo hufika kwenye sahani ya mtoto. Hata hivyo mfano huo ukishasikika hausahauliki. Mtoto mwenye sahani mkononi amepata uso, naye anasimama mbele ya msomi akimtazama.

Je, msomi ana deni gani kwa mtoto huyo? Sheria imejaribu kujibu. Mwanafunzi aliyegharimiwa na serikali ya Brazili hutakiwa kurudi na kukaa nchini kwa muda ulio sawa na ule aliogharimiwa; akikosa, hurejesha fedha. Sheria ya Marekani nayo inataka wengi wa wageni walioingia kwa viza ya kubadilishana elimu, huku wakigharimiwa na serikali, wakae kwao miaka miwili kabla ya kuomba makazi ya kudumu, isipokuwa wamesamehewa. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Brazili ilitoa hukumu juu ya mtu aliyekwenda kusomea udaktari wa falsafa ng'ambo kwa fedha za umma asirudi: ikasema lazima alipe, na kwamba deni la namna hiyo halifi kwa kupita miaka. Baadaye, mwaka 2020, mahakama hiyohiyo ilipunguza upana wa kanuni hiyo, ikakubali kwamba baadhi ya madai ya hazina ya umma yana mwisho wake.

Hatuwalaumu mahakimu kwa kusitasita. Sheria inaweza kuuhesabu mwili wa mtu, uko nchini au hauko. Inaweza kuhesabu fedha, zimelipwa au hazijalipwa. Zaidi ya hapo haina mizani. Na sisi tunaona kwamba deni tunalolizungumzia lipo hasa huko ambako mizani ya sheria haifiki.

Tuchukue mifano miwili. Anísio Teixeira alizaliwa mwaka 1900 huko Caetité, katika jimbo la Bahia. Mwaka 1928 alijiunga na Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akasoma kwa undani fikra za mwanafalsafa John Dewey, na mwaka uliofuata akapata shahada yake. Alirudi. Lakini kurudi kwake kulikuwa ni mwanzo tu wa kulipa. Mwaka 1930 ilitoka tafsiri yake ya maandishi ya Dewey kwa Kireno, hata mwalimu asiyejua neno la Kiingereza akaweza kuyasoma na kuyapinga akitaka. Mwaka 1950, akiwa kiongozi wa elimu jimboni Bahia, alifungua mjini Salvador, katika eneo la Liberdade lililokaliwa na watu maskini, kituo cha shule ambamo mtoto alishinda kutwa nzima: saa za masomo, saa za karakana na michezo na sanaa, na chakula. Na CAPES, chombo tulichokitaja, ni yeye aliyekiongoza tangu mwanzo hadi mwaka 1964. Aliyepata alifungua njia ya wengine kupata.

Mfano wa pili ni wa Embrapa, shirika la utafiti wa kilimo lililoundwa mwaka 1973. Shirika hilo liliwatuma watafiti wake wengi kutafuta shahada za juu, baadhi yao katika vyuo vya Marekani. Waliporudi, walishughulikia nyika pana za katikati ya nchi, ziitwazo Cerrado, ambazo udongo wake una asidi nyingi. Udongo ukatiwa chokaa, mbegu za soya zikarekebishwa zifae nchi za joto, na ardhi iliyodharauliwa ikawa ghala kubwa la nafaka. Kwa hesabu ya hazina, deni lile lililipwa maradufu. Lakini msichana wetu angeuliza tena: nani amekula? Walionufaika zaidi ni wenye mashamba makubwa, na uoto wa asili mwingi umefyekwa. Hatusemi watafiti wale walikosa. Walitimiza wajibu wao kwa bidii ya kusifiwa. Twasema tu kwamba mtu aweza kurudi, na elimu ikarudi, na mali ikaongezeka, hali mlipaji wa kwanza yungali amesimama pale pale na sahani yake.

Kwa hiyo kurudi peke yake hakutoshi kulipa. Je, kutorudi ni kukataa kulipa? Hapa nako yatupasa tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mwaka 1964 wanajeshi walipotwaa utawala wa Brazili, huyohuyo Anísio Teixeira aliondolewa katika uongozi wa Chuo Kikuu cha Brasília, akaenda kufundisha kwa muda katika vyuo vya Marekani. Nchi iliyomfukuza mtu aliyekuwa akiilipa, ni nani mdai na nani mdaiwa? Vilevile yupo kijana aliyerudi kutoka katika mpango wa mwaka 2011 akakuta chuo chake kinakataa kuyatambua baadhi ya masomo aliyoyafaulu ng'ambo, na kijana mtafiti aliyekuta fedha za utafiti zimekatwa. Mkataba una pande mbili. Anayemtuma mtu kisimani hana budi kumwekea mtungi wa kumimina maji atakaporudi.

Tena yuko aliyetia sahihi akiwa na umri wa miaka ishirini, akaoa au kuolewa huko, au akapata kazi ambayo kwao haipo kabisa. Tukimwita msaliti tumekosa adabu. Tukimwambia kwamba hana deni lolote, tumemdanganya. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini hawakusema ni kwa chombo gani atarejea. Wako warudio kwa miili yao huku mioyo imebaki ugenini, wakawadharau waliowalipia. Na wako wakaao mbali ambao kazi yao hurudi nyumbani kila siku. Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha: hilo ndilo sharti, na laweza kutimizwa hata baharini.

Basi tumjibu mwanafunzi wetu. Aliyelipa pasipo kujua hatarudishiwa na hazina, kwa sababu hazina haimjui. Atarudishiwa, kama atarudishiwa, pale tu elimu iliyonunuliwa kwa fedha yake itakapomfikia katika namna anayoweza kuitumia: dawa anayoweza kuinunua, shule ambayo mtoto wake aweza kuingia, kitabu anachoweza kukisoma. Na jambo la kwanza katika hayo ni lugha. Elimu ikirudi ikiwa imefungwa ndani ya Kiingereza, imerudi kama mgeni anayekaa sebuleni na kuzungumza na mwenye nyumba peke yake. Wale vijana wa Cornell walioandika kwa Kireno, na Teixeira aliyekaa akatafsiri, walifahamu jambo hilo, ingawa hali zao zilikuwa mbalimbali. Msomi anayeweza kueleza kazi yake kwa lugha ya mama wa Recife, hata akaelewa na kumuuliza swali, ameanza kulipa. Asiyeweza, hata akikaa jirani naye miaka arobaini, deni lake bado bichi.

Na hapo, ndugu walimu, lawama inatugeukia sisi. Lugha ndiyo iliyowazuia wengi wasiende, na lugha ndiyo inayozuia elimu isirudi. Na katika milango yote miwili anayesimama na ufunguo ni mwalimu wa lugha. Ikiwa tunawafundisha vizuri wale tu ambao wazazi wao wana uwezo, na wengine tunawaachia kukariri ngeli bila ya kuzungumza, basi tumekwisha kugawa nafasi za masomo kabla serikali haijatangaza hata moja. Na ikiwa Kiswahili tunachokifundisha ni cha salamu na methali peke yake, hakiwezi kubeba habari za udongo, za damu wala za umeme, basi msomi atakaporudi na mzigo wake atakosa mahali pa kuutua. Wengi wetu tunafundisha mbali na pwani, katika nchi ambazo Kiswahili ni lugha ya sokoni na safarini zaidi kuliko ya nyumbani. Kwetu kazi hiyo ni nzito zaidi, lakini haituondokei.

Wiki iliyofuata tulirudi darasani, tukamwambia yule msichana jibu letu kama tulivyoliandika hapa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba mama yake huuza mihogo, naye hajui kusoma. Je, sisi tuliofundishwa ualimu kwa fedha ya umma, jibu hilo tungeweza kwenda kumweleza mama huyo akatuelewa?

Tumeahidi kwenda.